Katibu Aliyepima Hisani kwa Frasila

Siku moja mzee wa watu pale Isevya aliogeshwa mara tatu kabla ya adhuhuri, na hakuna hata mara moja aliyokuwa ameomba. Aliyemwogesha kwanza alishukuriwa na kupewa karanga. Wa pili alipofika na ndoo na dodoki, mzee alidhani labda kuna mahali pamesahaulika. Wa tatu alipobisha hodi, mzee alifunga mlango kwa komeo na kusemea dirishani, "Jamani, nimewakosea nini?"

Aliyesababisha hayo alikuwa Katibu wetu, na hakukusudia. Yeye alikuwa amepanga tu kwamba kumwogesha mzee asiyejiweza ni sawa na kubeba ratili kumi na tano, na kumwandikia mtu barua ni ratili mbili. Wanachama wakapiga hesabu zao. Barua zikalala, mzee akalowa.

Sitasema Katibu alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Sikumwuliza, na yeye, pamoja na madaftari yake yote, hakuwahi kuniambia. Nilimkuta Tabora nikiwa na miaka ishirini na kitu, mtu mzima asiye na makazi. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu na mimi nikachoka na fimbo zake. Tangu hapo nilikuwa nimekausha tumbaku Urambo, nimeosha vyombo katika treni ya Kigoma, nimepakia magunia katika malori ambayo sikujua yanakwenda wapi mpaka yalipofika. Tabora nilishuka kununua maembe ng'ong'o, treni ikaniacha. Nikitafuta pa kukaa, nikapita kwenye kibaraza cha duka moja nikakuta watu wazima wakibishana mbele ya mizani, na juu ya mizani hapakuwa na kitu.

"Mgonjwa niliyemtembelea mimi ni msemaji," mama mmoja alikuwa akisema. "Nimekaa naye mpaka miguu ikafa ganzi. Huwezi kuniandikia ratili tano sawa na huyu aliyemkuta wake amelala!"

"Aliyelala ni ratili tatu," mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni alimjibu bila kuinua macho. "Msemaji ni saba. Mwenye malalamiko ni kumi. Wako alilalamika?"

"Alilalamikia serikali na wakwe."

"Hao ni wawili. Kumi na mbili."

Niliweka mfuko wangu chini. Mimi mahali penye kitu nisichokielewa siwezi kupita. Huyo mwembamba ndiye alikuwa Katibu, na kufika jioni nilikuwa mwanachama namba kumi na saba.

Chama chenyewe kilikuwa cha kujitolea. Miaka ile kila mtu alijitolea kitu: barabara, darasa, shamba la kijiji. Sisi tulijitolea kwa wagonjwa na wazee wasio na mtu. Mwenyekiti wetu alikuwa Mwarabu wa Tabora, mwenye duka, mtu wa kicheko na tumbo, ambaye babu zake walifika na misafara na hawakuona sababu ya kurudi. Ofisi ilikuwa kibaraza cha duka lake. Mizani ya shaba ilikuwa yake pia. Serikali ilipotaka maduka yote yatumie kilo, aliitoa dukani akampa Katibu, akasema, "Chukua, mtazeeka pamoja."

Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, Katibu alikuwa mpimaji wa asali na nta katika ghala. Alikuwa akichovya kidole, analamba, anasema asali hii imetiwa maji, na mwenye asali anaanza kuapa. Alipostaafu alibaki na kidole hicho na hakuwa na pa kukichovya. Ndipo akapewa ukatibu.

Kipimo chake kilikuwa cha msafara. Frasila moja ni ratili thelathini na tano, na frasila mbili ndio mzigo mmoja, ule aliokuwa akibeba mpagazi wa Kinyamwezi kutoka hapa mpaka pwani. Katibu aliona kwamba watu ambao babu zao walitembea miezi na pembe ya ndovu begani hawawezi kupimwa kwa saa kama makarani. Saa zinapita hata ukiwa umelala. Mzigo haupiti mpaka mtu aubebe. Basi kila jambo jema alilibadili kuwa uzito. Kuchimba choo cha mjane kulikuwa mzigo mmoja kamili. Kufagia wodi kulikuwa frasila moja. Barua ya kawaida ilikuwa ratili mbili, na barua ya kuomba radhi nne, kwa sababu huchukua muda mtu kukubali kwamba alikosa.

Ukimweleza kwamba fulani ana moyo mzuri, alikuwa akikuna kidevu. "Moyo siwezi kuuweka hapa," alisema akigonga sahani ya mizani. "Niambie alibeba nini, akakifikisha wapi." Neno la kufika alilipenda kuliko yote. Sifa yake kubwa kwa binadamu ilikuwa "Umefika uzito." Mimi nilikaa naye karibu miaka mitatu nikaisikia mara mbili, moja ikiwa ya mbuzi.

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Alikuwa mpole sana, ila upole wake ulikuja na daftari. Akikutana na kipofu alimvusha barabara, kisha akamshika mkono upande wa pili huku akitafuta ukurasa. Shikamoo yako aliipokea kwa marahaba nzito, halafu akakuuliza umetokea wapi na ulikuwa unakwenda kwa nani, na kabla hujamaliza alikuwa amekwisha kukukadiria. Njia ya kutoka kwake mpaka ofisini aliijua kwa hatua. Siku akizidisha hatua mbili alisimama mlangoni akiwaza zimetoka wapi.

Lakini alikuwa na mambo mawili ambayo sikuyaelewa haraka. La kwanza, jina lake halikuwamo katika daftari. Tulikuwa na namba moja mpaka arobaini na kitu, na yeye hakuwa na namba. Nilipomwuliza alisema mpimaji hapandi mizani. La pili, mtu huyu aliyetutuma hospitali kila siku yeye mwenyewe hakuingia. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilimwangusha. Siku moja alijaribu, akafika kitanda cha pili, akazimia, na wagonjwa wawili wakashuka vitandani kumbeba nje na kumpepea. Mwenyekiti alicheka wiki nzima. "Mwandikie kila mgonjwa ratili kumi na tano," alimwambia. "Walikubeba mzimamzima!" Katibu akaandika. Nimeuona ukurasa huo.

Kisa cha kitanda cha magurudumu kilianza na barua.

Makao makuu yetu yalikuwa Dar es Salaam, na kwa kawaida yaliandika kutukumbusha kwamba yapo. Barua hii ilikuwa nene. Ndani mlikuwa na fomu ndefu, na maelezo kwamba matawi yote ya magharibi yatapimwa jinsi yanavyowaongoza watu wao wa kujitolea: wangapi, wanafanya nini, wangapi wameacha na kwa nini. Kila tawi lijilinganishe na jirani yake. Tawi litakaloongoza litapewa kitanda cha magurudumu mawili, chenye turubai, cha kukokotwa na baiskeli, kwa ajili ya kubebea wagonjwa. Kitanda kilikuwa kimoja tu.

Katibu aliisoma mara mbili, akaivua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Sisi sote pale kibarazani tulijua anachokiona. Masika ya mwaka uliotangulia watu wanne walikuwa wamembeba mama mjamzito kutoka Itetemia juu ya kitanda cha kamba. Katibu alikuwa mmoja wao, kwa sababu siku ile hapakuwa na mwingine. Katika tope la kijito, mguu wake uliteleza. Walisimama tena, walibadilishana mabega, walikimbia. Mama alipona. Mtoto hakupona. Daktari alisema wangefika mapema kidogo tu, angepona. Katika daftari, mbele ya tarehe ile, Katibu aliandika maneno mawili, "Mzigo haukufika," na hakuwahi kulitaja jambo lile kwa mdomo.

"Hiki kitanda," alisema akiikunja barua, "lazima kije hapa."

Basi tukapimwa kuliko nta. Swali la wangapi wameacha na kwa nini lilimtesa kuliko yote, kwa kuwa watu wa kwetu huacha jambo bila kuaga. Alimfuata kila aliyeacha. Mmoja alimwambia ameoa, mwingine alimwambia ameachwa. Mwanachama namba tisa alikuwa amefariki, na Katibu akaenda matangani na daftari kwapani. Aliketi na wazee, akala pilau, akatoa pole yake, kisha akamnong'oneza mjane, "Samahani mama, marehemu alikuwa ameacha kujitolea kabla, au aliacha kwa sababu hii?" Katikati ya kilio mjane akaanza kucheka, akacheka mpaka wanawake wakaja kumshika. Baadaye alisema marehemu mume wake angelipenda sana swali lile. Aliandikwa: "Namba tisa. Hakuacha. Alizuiwa."

Kwa upande wa kujilinganisha, Katibu alichagua Nzega, akanituma mimi. "Wewe una miguu isiyotulia," alisema. "Nenda uone wanavyopima. Usiseme umetoka wapi." Nilipata lori la pamba, nikafika Nzega na vumbi hadi kwenye meno. Katibu wa tawi la Nzega alikuwa bwana mnene mwenye haraka. Ukutani kwake palikuwa na chati kubwa, na juu yake imeandikwa kwa wino mwekundu: FRASILA.

"Hiki kipimo mmekitoa wapi, ndugu?" nikauliza kwa sauti ya mtu anayepita tu.

"Tabora!" alisema kwa fahari. "Tulimtuma kijana akajifanya mgonjwa kwenye kibaraza chao. Wale wako mbali sana, ndugu yangu. Wanapata mizigo mia. Na sisi tumejipangia mia na kumi, ili tusiaibike."

Nikakumbuka kwamba sisi tulikuwa tumesikia Nzega wana mia na kumi, tukajipangia mia na ishirini.

Nilirudi nikamweleza Katibu kila kitu. Kwanza uso ulimng'aa. "Kwa hiyo sisi ndio kipimo," alisema. Akatembea kibarazani mara mbili. Halafu akasimama. "Kama wao wanajipima kwetu, na sisi tunajipima kwao, hapo aliyepimwa ni nani?" Mwenyekiti alisema yeye dukani mizani mbili hajawahi kuzipima moja kwa nyingine, huwa anatafuta jiwe la kupimia.

Jiwe lilipatikana mtaa wa Ng'ambo. Lilikuwa mama mmoja ambaye watu wote walimwita Mama Uji. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijachoma, alitoka kwake na chungu cha uji wa mtama kichwani, akatembea mpaka hospitali, akawagawia wagonjwa wasio na ndugu wa kuwapikia. Kisha akarudi kulima. Alikuwa mtu wa kanisa, lakini si padri aliyemtuma. Hakuwa mwanachama wetu. Miaka yote tulipishana naye mlangoni, sisi tukiwa na beji za kitambaa, yeye na chungu. Katibu alimkadiria kwa mbali, akazidisha kwa siku za mwaka, akavua miwani. Mwanamke yule peke yake alikuwa akibeba zaidi ya tawi zima.

"Akiandikwa kwetu," Katibu alisema polepole, "kitanda ni chetu."

Alikwenda kwake mara nne. Mara ya mwisho nilikuwepo. Mama Uji alikuwa akipepeta mtama na hakusimamisha ungo.

"Mwangaluka, mama," Katibu alimsalimu kwa Kinyamwezi, akijipendekeza.

"Mwangaluka. Umekuja tena na kitabu?"

"Mama, ni jina tu. Hutabadilisha chochote. Utapika vilevile, utabeba vilevile."

"Kama ni vilevile, jina la nini?"

"Ili ijulikane."

"Wanaokunywa wanajua," alisema, akapuliza makapi yakamwangukia Katibu kwenye shati. "Baba, nikiandikwa, siku nikiumwa mtakuja kuniuliza kwa nini sikuja. Sasa hivi nikiumwa mnakuja kuniuliza naumwa nini. Niacheni hapohapo."

Mtu mwingine angeishia hapo. Katibu aliona kwamba kama jina hataki, basi angalau ajue uzito kamili, si wa kukadiria. Asubuhi moja alimsubiri kibarazani.

"Mama, kitue hapa kidogo tu. Dakika moja."

"Uji unapoa."

"Kabla haujapoa."

Alikitua, nadhani kwa kuchoka kukataa. Katibu alikiinua chungu kwa mikono miwili akakiweka kwenye sahani ya shaba, kwa upole kama anayelaza mtoto mchanga. Lakini mizani ile ilitengenezwa kwa nta, kitu kinachotulia. Sahani ikainama, chungu kikateleza, kikagonga ukingo wa kibaraza. Uji ulimwagika mpaka barabarani. Kuku wa Mwenyekiti walifika kwanza.

Mama Uji alitazama kuku. Alitazama mizani. Mwisho alimtazama Katibu.

"Haya," alisema. "Andika na huo."

Akaokota chungu akarudi Ng'ambo.

Siku tatu hakuonekana. Hospitalini walikuwepo wagonjwa sita wasio na mtu, na wanachama wetu walipoambiwa wapike uji waliuliza kwanza ni ratili ngapi. Nililisikia swali hilo kwa masikio yangu, na Katibu alilisikia pia. Alikuwa na kalamu mkononi. Aliirudisha mfukoni, na tangu siku ile sikumsikia akitaja ratili mbele ya mtu anayeombwa msaada. Mwenyekiti alitoa mikate, nasi tukaipeleka, lakini kuna mzee mmoja asiye na meno aliyeshika mkate wake siku nzima kama barua asiyoweza kuisoma.

Kila siku Katibu alikwenda Ng'ambo kuomba radhi. Siku ya tatu Mama Uji alimwuliza kwa mshangao, "Nani kakwambia nimekasirika? Nilikasirika siku ile, nikamaliza. Chungu kimepasuka. Nipike katika nini, kofia yako?"

Katibu alikimbia, nasema alikimbia, akaenda kuchukua sufuria kubwa ya harusi ya mkewe. Asubuhi ya nne uji ukaiva. Mama Uji akajishika mgongo. "Sufuria hii ni nzito, na leo kiuno kimekataa. Beba wewe."

Asubuhi hiyohiyo, kwa treni, akaingia Mkaguzi kutoka makao makuu.

Hapa lazima niseme langu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko shule yangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyenakili daftari safi la kuonyeshwa Mkaguzi. Na wiki ile, nikikumbuka tope la Itetemia, nikamwandika Mama Uji. Nilimpa namba, nikamwandikia mizigo yake ya mwaka mzima kama Katibu alivyoikadiria. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba uongo wenyewe ni mdogo: uji ulinyweka, hospitali ilikuwepo, mama alikuwepo. Kilichokuwa cha uongo ni neno moja tu, "wetu".

Mkaguzi alikuwa kijana nadhifu, mwenye suti ya mikono mifupi na mkoba. Alilisoma daftari pale kibarazani, akafika kwa Mama Uji, kidole kikasimama.

"Ndugu, huyu ni mtu mmoja?"

"Mmoja, ndugu Mkaguzi," nikajibu.

"Hata Nzega hawana kama huyu. Nataka kumwona akifanya kazi."

Nikampeleka hospitali, nikiomba kimyakimya kwamba Mama Uji awe amerudi na asiulizwe mengi. Tuliingia wodini. Aliyesimama kati ya vitanda hakuwa Mama Uji. Alikuwa Katibu. Shati lilikuwa limelowa uji tangu kola, kata ya kanga ilikuwa imemkaa kichwani upande, na puani alikuwa amechomeka vipande viwili vya ganda la ndimu ili asizimie. Alikuwa akimnywesha yule mzee asiye na meno.

"Ndugu Katibu?" Mkaguzi alisema, kwa shaka.

"Ngoja kidogo," Katibu alijibu kwa sauti ya puani, na hakugeuka. Alimnywesha mzee mpaka mwisho wa kikombe. Kisha akajaza vikombe vingine vitano, kila kimoja akikiinua usawa wa macho kuona kimelingana na mwenzake. Mkaguzi wa makao makuu alisimama na mkoba wake akisubiri wagonjwa sita wamalize.

"Nimefurahi sana na huyu mama wa uji," alisema mwishowe, akifungua daftari. "Ndiye anayewapandisha. Ni wa tawi lako, sivyo?"

Katibu alisoma ukurasa. Aliutambua mwandiko. Alinitazama mara moja tu, na macho yake hayakuwa makali, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Nilijua anachokiona, kwa kuwa mimi nilikiona pia: kijito, tope, kitanda cha kamba. Kusema ndiyo kungemgharimu pumzi moja.

"Niazime kalamu," alimwambia Mkaguzi. Zake mbili zilikuwa zimelowa uji. Akakata mstari, jina na mizigo yote, kwa mkono ulionyooka. "Huyu si wetu. Ni wake mwenyewe."

"Ndugu, bila yeye mnashuka chini ya Nzega."

"Najua."

"Na kitanda kinakwenda huko."

"Najua, ndugu yangu. Nimewahi kupima."

Mkaguzi akatazama sufuria, akauliza kama kumebaki chochote, maana treni ile haikuwa na chai. Akapewa kikombe, kilicholingana na vingine.

Kitanda kilikwenda Nzega. Mimi nilimfokea Katibu njia nzima kutoka hospitali. Nilimwambia amekata kitanda cha watu wa Itetemia kwa kalamu ya kuazima. Tulipofika kibarazani akasema tu, "Mzigo wa mtu haubebwi kwa jina la mwingine. Ingekuwa hivyo, mimi ningekuwa tajiri." Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa. Ijumaa nilipanda treni. Sikuaga.

Nilizunguka miaka mingi. Mwanza, Mpanda, kisiwa kimoja ambacho nilikaa kwa sababu ya mwanamke na nikaondoka kwa sababu hiyohiyo. Vijiji vilihamishwa, shule zikajengwa, redio zikabadilisha muziki. Siku moja, nikiwa katika treni ya kwenda Dar es Salaam, homa ilinishika baada ya Kaliua, na nilipoulizwa niteremshwe wapi, nina nani, nikajibu Tabora, sina mtu. Nakumbuka jukwaa la stesheni, na mawingu yakitembea juu yangu, na gurudumu likilia kii, kii, kii.

Niliamka kwenye wodi. Ilikuwa asubuhi. Mzee mfupi kuliko nilivyomkumbuka alikuwa akija kati ya vitanda na sufuria kubwa, akitetemeka, na puani alikuwa na vipande viwili vya ganda la ndimu.

"Shikamoo, Katibu," nikasema.

"Marahaba. Kunywa kwanza."

Nikanywa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akinisubiri nimalize, kama alivyomsubiri yule mzee. Nikamwuliza habari za Mama Uji.

"Miguu imechoka. Yeye anapika, mimi nabeba."

"Na bado hajaandikwa?"

"Hataki."

"Na wewe je? Umejiandika?"

"Nabeba mzigo wake. Nitauandikaje kwangu?" alisema, akishangaa kwamba kichwa changu hakijapona.

Nikamwuliza nilifikaje hospitali. Akasema kwa kitanda cha magurudumu. Nikadhani Nzega wamekirudisha. Hapana. Baada ya mimi kuondoka alikuwa ameipeleka mizani ya shaba kwa fundi baiskeli wa Ng'ambo, wakabadilishana kwa magurudumu mawili. Seremala alijitolea mbao, Mwenyekiti turubai. Kinalia njia nzima, lakini masika yote kimekuwa kikienda Itetemia na kurudi.

"Uliitoa mizani?" Sikuamini.

"Ilikwama kwa kukosa mafuta," alisema, akaangalia dirishani. "Na ilimwaga uji."

Kisha akaingiza mkono ndani ya shati akatoa daftari. Lilikuwa lilelile, jalada limefungwa kwa uzi. Akalamba kidole, kile cha asali, akafungua ukurasa bila kutafuta.

"Namba kumi na saba," alisoma. "Aliacha. Sababu." Akaniinulia macho. "Hapa ni patupu. Fomu nilishapeleka, walinirudishia kwa ajili yako."

"Katibu, ni miaka mingapi sasa?"

"Sababu."

Nikamwambia nilikasirika. Akaanza kuandika. Nikamwambia hapana, hiyo siyo, niliona aibu, kwa kuwa yeye alikata mstari nilioandika mimi na hakunisema mbele ya mtu.

"Chagua moja. Nafasi ni ndogo."

"Aibu."

Akaandika. Akapuliza wino ukauke. Lakini hakufunga daftari. Aliligeuza pembeni, akachukua kijiko changu, akakitumia kama rula kupiga mstari mpya kwenye ukingo wa ukurasa, mahali ambapo fomu ya makao makuu haikuwa na swali. Mstari ulipinda kwa sababu ya mkono wake na kwa sababu ya kijiko. Akaandika kitu, akanisogezea nisome, maana mwandiko wake ulikuwa umeharibika na alitaka kujua kama unasomeka.

Ilikuwa imeandikwa: "Kutoka stesheni. Mzigo mmoja, mrefu, mbishi. Umefika."

Nikamwambia unasomeka. Akachukua sufuria yake, akaenda kitanda cha pili.